Viazi Vilivyogeuka Glasi

Haya niliyasikia kwa Kajuju mwenyewe, mwaka jana mwezi wa nane, tukichagua mbegu za viazi katika ghala la mama mkwe wake hapa Kibirichia. Mvua ilikuwa imetufungia ndani, na mtu akifungiwa na mvua husema mengi. Alisimulia akicheka. Siku yenyewe hakucheka.

Wakati huo Kajuju alikuwa anaishi Meru mjini, katika ule mtaa wa juu wenye geti la chuma ambao watu wanauita Kwa Mabalozi, ingawa hakuna balozi aliyewahi kulala pale. Nyumba nyeupe, zimepangana kama meno, mbele maua, nyuma kiwanja kidogo cha kuanika nguo. Yeye ndiye aliyeitaka nyumba ile. Mumewe, Muthomi, alikuwa ameridhika na ile ya kwanza kule chini karibu na soko, lakini Kajuju alisema mtoto wake hatazaliwa mahali ambapo ukipiga chafya jirani anakuambia pole kupitia ukutani. Muthomi ni mtu wa kukubali, akakubali. Kisha ofisi ikamhamishia Embu. Akawa analala huko wiki nzima katika chumba kimoja, anarudi Jumamosi, na nyumba ya Kwa Mabalozi ikabaki inameza mshahara kabla haujagusa mkono.

Kwa sababu pale hata kupumua ni kama kuna bei. Maji unalipia, na yakikatika unalipia gari linaloleta mengine. Taka unalipia. Geti unalipia. Yale maua ya mbele, ambayo hata mbuzi hangeyala, unalipia mtu wa kuyamwagilia. Mama mboga haruhusiwi kuingia, kwa hivyo sukuma wiki inanunuliwa kwenye duka kubwa, imefungwa kwa nailoni kama zawadi ya harusi. Kajuju ni binti wa Mitunguu, amezaliwa katikati ya migomba. Siku ya kwanza alinunua ndizi mbili pale dukani, akasimama nje akiziangalia kama mtu aliyeuziwa shati lake mwenyewe.

Kabla hajajifungua alikuwa na ujanja. Alivaa viatu vya mazoezi, akateremka mbio mbio hadi soko la Gakoromone, akapanda tena na mboga zimefichwa ndani ya sweta, na majirani wakasema, "Huyo mama anajitunza!" Sasa mtoto amezaliwa na mbio zimeisha. Chai ilikuwa ya rangi. Lakini kila asubuhi, juu kabisa ya taka, pale kila mpita njia angeona, Kajuju aliweka pakiti tupu za maziwa.

Usiku hakulala. Mtoto analala, yeye anakodolea dari macho: kodi, maji, tokeni za stima, geti, taka. Akifika kwenye taka anakumbuka gesi, anaanza upya kutoka kodi. Kilichomuumiza zaidi ni harufu. Kila jioni, kutoka kwa jirani wa mkono wa kulia, mwanamke mmoja Mwislamu mzaliwa wa mjini hapo hapo aitwaye Latifah, kulikuja harufu ya kitunguu kikikaangwa, tamu, nzito, inaingia mpaka chini ya blanketi. Kajuju alimeza mate akajiambia, huko kwa Latifah saa hizi kuna nyama, kuna wali. Akajifunika kichwa.

Basi siku moja mama mkwe wake akapiga simu. Mtoto alikuwa amepewa jina lake, Karimi, kama desturi ilivyo, na mama huyo hakumwita mtoto kwa jina, alimwita "mimi."

"Mwari wangu, huyo mimi hajambo?"

"Hajambo, Mama. Ananyonya tu."

"Akina mama wa kikundi wanataka kuja kumwona Jumamosi. Tuje na nini?"

Hapo kila mwanamke wa huku anajua la kujibu. Unasema hakuna kinachotakikana. Na kila mama mkwe anajua la kusikia: ukiambiwa usilete kitu, unaongeza gunia. Mtoto anatembelewa hivyo tangu hapo. Akina mama wanakuja na migongo imeinama, viazi, ndizi, unga wa uji, wanaingia jikoni wenyewe, wanapika, wanakula, na kinachobaki kinamlisha mzazi mpaka nguvu zirudi.

"Msijisumbue, Mama," akasema Kajuju kwa sauti ya adabu. "Huku hakuna kinachokosekana ila nyinyi wenyewe."

"Hakuna kabisa?"

"Kabisa."

"Haya. Tumesikia."

Kajuju alipoweka simu chini, alianza kupangua kabati la chini ya sinki. Viazi vitakaa hapa. Ndizi zitaning'inia kule. Njahi, yale maharage meusi, zitaingia kwenye ile ndoo. Ilikuwa ni mara ya kwanza kwa wiki nyingi kujisikia kama mwenye nyumba.

Jumamosi alipamba, akapiga deki mara mbili. Alikuwa na vitunguu, nyanya, majani ya chai, na vipande vya nyama ambavyo ukivitazama sana vinapungua. Alipouinua mtungi wa gesi, mkono ulipanda nao juu kama kikapu kitupu.  Muthomi angefika jioni na pesa za kuujaza. Hadi hapo, akajisemea, utatosha chai, na Mungu akisaidia, sufuria moja ya viazi. Sufuria yenyewe, ile kubwa, alikuwa ameiazima kanisani.

Saa sita hivi alisikia nyimbo getini. Lori la viazi la Kibirichia lilikuwa limesimama nje, na mlinzi, mzee Nyamu wa kutoka Mbeere, alikuwa anafungua geti huku akicheza kidogo kwa mabega. Kajuju alikimbilia dirishani na mtoto mkononi. Akawaona wakishuka, mmoja baada ya mwingine, vitambaa vya kichwa vya kikundi, sweta safi, viatu vya Jumapili.

Migongo yao ilikuwa imenyooka.

Aliangalia tena. Hakuna gunia. Hakuna kikapu. Mikononi walibeba maboksi yaliyofungwa kwa karatasi za kumetameta, na ndani ya lori yalikuwa yamebaki magunia matupu, yamekunjwa vizuri, yamewekwa pembeni.

"Muga! Muga, mwari!" Waliingia kwa salamu za Kimeru na kelele, wakavua viatu mlangoni, wakakanyaga vigae kwa ncha za vidole kama wanakanyaga mayai. Mama Muthomi alimchukua mtoto. "Hebu nipeni huyo mimi!" Akamtemea mate kidogo ya baraka kifuani, akampitisha kwa wengine.

Kisha zawadi. Glasi za miguu mirefu, boksi zima. Saa ya ukutani ya dhahabu ambayo si dhahabu. Maua ya plastiki kwenye chombo chake. Na picha kubwa ya maporomoko ya maji, ya kioo, iliyobebwa na wawili.

"Ulisema hakuna kinachokosekana," alisema Mama Muthomi, uso wote umefunguka kwa furaha. "Tukajiuliza, mtu asiyekosa kitu anapelekewa nini? Ndiyo tukapita mjini tukachagua vitu vya nyumba ya vigae."

"Asanteni, Mama," akasema Kajuju. Alipokea boksi la glasi kwa mikono miwili. "Asanteni sana."

Wanjugu, mwenye sauti ya lori na maneno ya sokoni, alikuwa ameshakaa kwenye kiti kikubwa, miguu ameikunja chini yake. "Mimi niwaambie ukweli, sikuja kuona mtoto. Watoto tunao nyumbani. Nimekuja kula chakula cha mabalozi. Tangu jana jioni sijatia kitu mdomoni, nimeacha nafasi!"

Wakacheka wote. Kajuju naye akacheka, akaingia jikoni akafunga mlango.

Aliwasha gesi, akateleka maji ya chai. Moto ulikuwa wa buluu, ukawa wa manjano, ukawa mdogo kama wa mshumaa. Akautikisa mtungi. Moto ukasema puu, ukafa. Maji hata hayakuwa na uvuguvugu. Nje akina mama walianza wimbo mwingine, ule wa polepole ambao watu huimba wakisubiri.

Alizunguka jikoni. Akafungua kabati la chini ya sinki, lile aliloliacha tupu kwa ajili ya viazi, akalifunga, akalifungua tena. Nyumba imejaa wanawake waliotoka Kibirichia na baridi yao, wamekuja kula, na yeye ana vitunguu. Wakirudi na njaa, habari itafika kabla lori halijafika: mke wa Muthomi amekaa kwenye vigae, hata kikombe cha chai hana. Itafika Mitunguu kwa mama yake mzazi. Akatoka kwa mlango wa nyuma, akainama chini ya kamba za nguo, akagonga kwa Latifah.

"Jirani, nisaidie mtungi wa gesi," akasema hata kabla ya salamu. "Nitakurudishia jioni hii hii, naapa. Nina wageni."

Latifah alisimama pale mlangoni na leso begani. Alimwangalia, kisha akaangalia chini.

"Gesi, dada? Yangu iliisha kabla ya Ramadhani."

"Usinitanie. Kila jioni nasikia ukipika."

"Unasikia kitunguu."

"Nini?"

"Kitunguu kimoja. Nakikaanga kwenye jiko la makaa na mafuta kidogo, halafu nafungua dirisha." Alionyesha kwa kidevu. "Lile la upande wako."

"La upande wangu? Kwa nini wa kwangu?"

"Kwani ni nani mwingine ninayemwogopa hapa? Nyinyi mnaotupa pakiti za maziwa kila siku ya Mungu! Mume wangu anauza mapazia, na watu siku hizi wanafunga magazeti dirishani. Nikasema, yule wa maziwa asijue."

Kajuju aliegemea ukuta. "Latifah, zile pakiti nilikuwa naziomba kwa mama wa chai kule stendi. Hata ng'ombe wake simjui."

Walitazamana. Latifah ndiye aliyeanza, akaziba mdomo kwa leso, mabega yakatikisika. Kajuju akashikwa na kicheko mpaka akaketi kwenye ngazi, na kicheko hakikukaa sana kikageuka machozi, na Latifah akaketi naye.

"Ulinitesa na kitunguu chako," akasema Kajuju.

"Na wewe na maziwa yako. Sasa inuka. Gesi sina, lakini jiko ninalo, na makaa yapo chini ya kitanda. Nani unafikiri ananiletea? Si ni Nyamu wa geti! Una nini cha kupika?"

Kajuju aliinuka. Alifuta uso kwa kiganja, akarudi kwake, akapita katikati ya wimbo, akainama sikioni mwa mama mkwe wake. "Mama, njoo chumbani kidogo."

Mama Muthomi aliingia na mtoto begani. Kajuju alifunga mlango, na kwa kuwa hakujua pa kuanzia, alianzia mwisho.

"Mama, hakuna chakula. Gesi imeisha. Nilikuwa ninangoja viazi vyenu."

"Lakini ulisema tusilete."

"Nilisema vile inavyosemwa, Mama! Wewe nawe ukaamini?"

Yule mama alikaa kitandani polepole. Alimpapasa mtoto mgongo muda mrefu. "Unakumbuka nilipokuja ukiwa na mimba, na gunia langu?" akasema. "Ulinipokea getini. Ukaangalia huku, ukaangalia kule, kama mtu amebeba kitu cha wizi. Ukalipitisha gunia nyuma ya nyumba. Sikusema kitu. Lakini uliposema kwenye simu tusilete, nilijiambia, safari hii mtoto wa watu ameongea kutoka moyoni. Mimi sitamwaibisha tena na udongo wa Kibirichia."

 Kajuju alipiga magoti pale sakafuni, akaweka kichwa kwenye mapaja ya yule mama, na mama akaondoa mkono mmoja kwa mtoto akauweka kwenye kichwa chake.

"Viazi viko wapi, Mama?"

"Tumeviuza asubuhi Gakoromone. Zile glasi ndizo viazi. Na ile picha ya maji ni kabichi."

Halafu akafungua mlango, akaita kwa sauti ambayo hata Nyamu aliisikia getini. "Wanjugu! Inuka. Mtoto wetu hana kitu ndani ya nyumba. Alikuwa na adabu tu."

 Kajuju alijua hapo ndipo atakapozikwa. Lakini Wanjugu aliishusha miguu, akatafuta viatu. "Kwa hivyo hakuna chakula cha mabalozi?"

"Hakuna."

"Na mimi nimeshinda njaa tangu jana kwa ajili ya glasi! Lete hayo maboksi hapa. Zifungwe tena zile glasi, na karatasi isikunjwe."

Aliondoka na lori na wenzake wawili, glasi, saa na maua. Wengine waliobaki wakafungua mikoba yao. Mmoja alitoa pakiti ya unga aliyokuwa amejinunulia mjini, mwingine sukari, na uji ukawekwa kwenye jiko la Latifah huko nyuma, kwenye kiwanja cha nguo. Jiko lilikuwa dogo, sufuria ya kanisa ililifunika kama kofia ya baba kwenye kichwa cha mtoto, kwa hivyo mzee Nyamu alikuja na mawe matatu kutoka kwenye ukingo wa maua, na matawi makavu ya ua wa mikaratusi, akasema yeye haoni kitu, yeye yuko getini.

Wanjugu alirudi akiwa na hasira mpya. Glasi zilinunuliwa na mwenye hoteli, saa na maua vikachukuliwa na kinyozi. "Nikaenda kwa yule tuliyemuuzia viazi," akasema akiteremsha gunia, "nikamkuta bado amevikalia. Viazi vyangu! Nimevijua kwa sura. Ananiambia bei, nikamuuliza, wewe kijana, umeviogesha kwa sabuni tangu asubuhi? Magunia yote tuliyomuuzia asubuhi, na kwa pesa zote za glasi, saa na maua amenirudishia hili moja, na halijajaa." Akamgeukia Kajuju. "Hivi ndivyo mnavyonunua chakula huku kila siku?"

"Hivi ndivyo, Mama Wanjugu."

"Pole, mwari." Na hakutania tena hadi chakula kilipoiva.

Ile picha ya maporomoko ilikuwa imeachwa nyumbani. Waliilaza chini wakamenyea viazi juu yake. Vikachemshwa pamoja na mboga na mahindi ambayo Wanjugu aliongezewa kwa kelele zake, vikapondwa kwa mti wa ufagio uliooshwa vizuri, na vile vipande vya nyama vikakaangwa na vitunguu vyote vilivyokuwemo. Moshi ulipanda juu ya mabati ya mabalozi. Madirisha yalifunguka moja moja. Mtu hapa, mtu pale, anajifanya kuanua nguo ambazo hazijakauka. Latifah alisimama na sahani yake katikati ya kiwanja, akala mahali ambapo kila mtu anamwona.

Mtu wa ofisi ya mtaa alikuja akiwa amefunga tai, akaziba pua. "Ni nani anapika na kuni? Mama, huu ni mtaa wa heshima. Nitaandika onyo."

Wote walimwangalia Kajuju. Alikuwa na masizi shavuni na mwiko mkononi. Miguu yake, ambayo ilikuwa haijatulia tangu asubuhi, ilikuwa imetulia.

"Andika," akasema. "Na uandike pia kwamba mwisho wa mwezi tunatoka."

"Mnatoka?" Hiyo haikuwa sauti ya yule mtu. Ilikuwa ya Muthomi, amesimama kwenye kona ya nyumba na begi lake la Embu, anaangalia mama yake, na lori, na mawe matatu.

"Kile chumba chako cha Embu kina dirisha?" Kajuju akamuuliza.

"Moja. Linaangalia nyuma ya bucha ya Idrisi."

"Huyo Idrisi anakaanga vitunguu?"

"Anauza nyama, Kajuju. Sijui. Kwa nini?"

"Basi. Tutakaa huko."

Muthomi alimtazama, akaona hatanii. Alikaa kwenye ngazi kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, akapokea sahani. "Mimi nilikuwa nangoja tu wewe useme," akasema, mdomo umejaa.

"Na ungengoja mpaka lini?" mama yake akauliza. "Mpaka mimi huyu aote meno?" Yule mtu wa tai alikuwa bado amesimama hapo. Latifah alimpa sahani pia, na hakuikataa.

Lori liliondoka jua likiwa bado juu ya miti, na nyimbo zake, na Wanjugu amekalia magunia matupu akisema ameshiba lakini amedhulumiwa. Mama Muthomi alibaki. Tokeni za stima ziliisha giza lilipoanza kuingia, na hakuna aliyehangaika kununua nyingine.

Mtoto alilala wa kwanza, kifuani pa bibi yake. Bibi naye akalala hapo hapo kwenye godoro la sebuleni, picha ya maporomoko imeegemea ukuta kando yake, ina maganda. Muthomi alisema anajinyoosha kidogo tu, akalala na soksi.

Kajuju alibaki macho kwa mazoea. Alisikiliza upande wa kulia. Dirisha la Latifah lilikuwa limefungwa. Jioni ile hapakuwa na harufu ya kitunguu. Alijigeuza, akaangalia dari ambayo haikuonekana, akaanza kama kila siku: kodi, maji, tokeni.

Hakufika kwenye geti.